Siku Tisini

Mwaka 1937, katika jimbo la New York, watu hawakuweza kutalikiana kwa sababu tu wamechokana. Sheria ilikubali sababu moja, nayo ni zinaa, na ikabaki hivyo mpaka 1967. Wenye fedha walipanda treni hadi Reno, katika jimbo la Nevada, ambalo tangu 1931 lilimtaka mgeni akae wiki sita tu ndipo mahakama imsikilize. Wasio na nauli, au wasio na wiki sita za kupoteza, walitunga zinaa. Mume anakodi chumba cha hoteli, anakodi na mwanamke, mpiga picha anabisha hodi saa waliyopatana, na hakimu anapata ushahidi wake. Kila mtu mahakamani anajua ni uongo. Hakimu mwenyewe anajua.

Mwaka huohuo ikatoka The Awful Truth, filamu ya Leo McCarey, Cary Grant akiwa mume na Irene Dunne akiwa mke. Niliitazama katika sinema ndogo hapa Leipzig, ninakosomea uzamili wa historia. Tulikuwa watu kama thelathini, wengi wao wenye mvi. Mume, Jerry, amemdanganya mkewe kwamba alikuwa Florida. Amerudi na kapu la machungwa, na machungwa yamepigwa muhuri wa California. Mke, Lucy, naye anaingia na mwalimu wake wa muziki, wamelala njiani, eti gari liliharibika. Hakuna anayemwamini mwenzake, basi wanakwenda mahakamani. Wanagombea mbwa, kwa kuwa mtoto hawana. Mbwa anapewa nafasi ya kuchagua, Lucy anamwonesha kwa siri mdoli anaoupenda, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi nilikuwa nimebaki nyuma kidogo, kwenye maneno ya hakimu: talaka imekubaliwa, ila itakamilika baada ya siku tisini. Nikajisemea, hii ni eda.

Kwa asiyezijua taratibu hizi: katika fiqhi tuliyolelewa nayo pwani, mume akitoa talaka moja au mbili, ndoa haijafa bado. Mke anakaa eda, twahara tatu, au miezi mitatu kwa asiyepata hedhi, na katika muda huo anaweza kurejewa bila mahari mpya wala ndoa mpya. Muda ukipita bila rejea, wametengana. Bila shaka McCarey hakuwa na habari na fiqhi ya Kishafii. Lakini filamu yake nzima inakaa ndani ya muda wa namna hiyo, ambapo watu wawili si mume na mke kamili na si watu baki pia.

Hollywood ilikuwa na sababu zake za kuupenda muda huo. Kanuni za maadili ya filamu, zilizoandikwa 1930, zilianza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Ndoa iheshimiwe, zinaa isipambwe. Sasa utatengenezaje komedi ya mapenzi kuhusu watu wazima, wanaojua wanachokitaka? Njia mojawapo ilikuwa kuwachukua watu waliokwisha kuoana, ukawatenganisha, kisha ukawaacha watongozane upya. Wakirudiana, Breen hana la kusema. Mwanafalsafa Stanley Cavell aliandika kitabu kizima mwaka 1981 juu ya filamu saba za aina hii. Naona anawasifia mno wahusika na kuisahau kidogo ofisi ya Breen. Ni kwa sababu ya kanuni zile hatuambiwi Jerry alikuwa wapi hasa, wala kilichotokea kati ya Lucy na mwalimu, na filamu inapata utamu wake hapohapo: itawabidi waaminiane bila kujua.

Usiku wa mwisho wa zile siku wapo katika nyumba ya mlimani ya shangazi yake Lucy, vyumba viwili vyenye mlango katikati. Mlango haushiki. Upepo ukivuma unafunguka, wanatazamana, wanaufunga, unafunguka tena. Saa ya ukutani inahesabu kuelekea saa sita usiku.

Hapo nilimkumbuka shangazi yangu. Surat At-Talaq inakataza mke wa eda kutolewa nyumbani, na wafasiri wengi wameeleza hekima yake: wakiwa chini ya paa moja, huenda nyoyo zikalainika. Ni ule ule mlango wa McCarey. Lakini kwetu Tanga nimeona wanawake wengi wakirudishwa kwao siku ileile ya talaka. Shangazi alikuja kwa bibi na cherehani na sanduku moja. Nilikuwa darasa la tatu. Alishona nguo za watu muda wote ule, akaanza kucheka tena, na bibi akawa anahesabu kwa vidole. Zilipobaki siku chache, akaja mjumbe wa upande wa mume: amemrejea, mashahidi wawili wapo. Shangazi hakuulizwa. Kwa fiqhi tuliyofundishwa, ridhaa yake haikuwa sharti. Alimalizia pindo la gauni la mteja, akafunga sanduku. Ilimchukua miaka minne kutoka, safari hii kwa khului, na mahari akairudisha kwa fedha ya cherehani ileile.

Lucy ana fedha, ana shangazi mwenye nyumba mlimani, na kuna mwanamume wa mafuta kutoka Oklahoma anayetaka kumwoa. Anaweza kukataa mpaka dakika ya mwisho, ndiyo maana tunaweza kucheka. Kwenye saa ile ya ukutani kuna sanamu mbili, ya kike na ya kiume, kila moja na kimlango chake. Inapogonga saa sita, ya kiume inageuka na kuifuata ya kike kwenye mlango wa kike. Nimeirudia sehemu hiyo mara kadhaa kwenye kompyuta. Jerry amekwisha kukubali kwamba alikuwa mjinga, na Lucy amekwisha kutabasamu kabla hajamruhusu.

McCarey alipata Oscar ya mwongozaji bora kwa filamu hii, akawaambia watoa tuzo wamempa kwa filamu isiyo yenyewe. Aliyoitaka yeye ni Make Way for Tomorrow, ya mwaka huohuo, kuhusu wazee waliopoteza nyumba yao kwa benki. Watoto wao watano hawawezi kuwachukua wote wawili pamoja. Wanaagana kituo cha treni, na hakuna hakimu aliyewatenganisha.