Kuta za Bukama

Mwaka 2015, Fondation Cartier mjini Paris ilionyesha sanaa ya Kongo chini ya jina "Beauté Congo 1926–2015". Tangu hapo, 1926 hutajwa mara nyingi kama mwaka ambao uchoraji wa kisasa wa Kongo ulizaliwa. Hapana. Huo ni mwaka wa karatasi, kuta zilitangulia.

Bukama iko katika Katanga ya zamani, kando ya Mto Lualaba. Reli kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika hapo 1918. Mwaka 1926 Georges Thiry, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, alikuta hapo nyumba za udongo zenye michoro ya watu na wanyama. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji ili michoro isipotee pamoja na udongo. Gaston-Denys Périer, ofisa wa Wizara ya Makoloni ya Ubelgiji, akaitafutia maonyesho: Brussels 1929, Geneva 1930.

Vitabu husema Thiry "aligundua". Aligundua nini, ikiwa majirani walipita mbele ya kuta hizo asubuhi na jioni?

Haki yake apewe: bila karatasi zake, kazi ya Lubaki isingetufikia. Lakini karatasi iliokoa mistari, haikuokoa mahali. Mlango uliokuwa kando ya mchoro, urefu wa ukuta na jina la mwenye nyumba, vyote vilibaki Bukama na kuyeyuka na mvua. Hata Antoinette, mke wa Lubaki, aliyechora pia, kwa miaka mingi alifichwa na jina la mumewe.

Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji ya Le Hangar mjini Elisabethville, na wanafunzi wake Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga wakapata sifa. Baadaye, enzi ya Zaire, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi kwenye turubai. Ukuta ukasahaulika.

Sasa ni zamu ya wenye majengo ya umma kuukumbuka, kuanzia mahakama za Lubumbashi hadi shule za Pweto kwenye Ziwa Mweru. Palipo na mchoro wa zamani, zibeni kwanza mabati yanayovuja, kwa kuwa unyevu ndio unaobandua rangi. Kabla ya kupaka chokaa, pigeni picha ya ukuta mzima pamoja na mlango wake, andikeni jina la mchoraji na mwaka, kisha pelekeni nakala kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi.