Kisiki Kina Kumbukumbu: Uigaji wa Miombo kwa Kompyuta Ukitazamwa kutoka Annexe, Lubumbashi

Ikisiri

Programu za kompyuta zinazoiga mifumo ikolojia ya nchi kavu zinazidi kutumiwa kueleza mustakabali wa misitu ya miombo ya Haut-Katanga. Makala hii inatetea hoja kwamba upungufu mkubwa wa uigaji huo ni kukosa kumbukumbu. Hali ya miombo ya leo hutokana na yaliyoipata jana: mvua iliyopita, mwezi moto ulipowaka, namna mti ulivyokatwa. Programu isiyobeba historia hiyo huweza kuhesabu msitu ulio hai kuwa umekufa. Dawa yake ni kupima upya vitalu vya hapa na kumpa mchoma makaa nafasi ya shahidi katika utafiti.

Utangulizi

Mwezi wa tisa, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka Lubumbashi, miti ya miombo ya jenasi Brachystegia iliyosalia pembezoni mwa komini ya Annexe huvaa majani mapya mekundu. Udongo ni mkavu, nyasi zimeungua, vumbi limetanda, na bado mti unachipua. Anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala, kama makaa yanavyoitwa hapa, ameliona jambo hilo tangu utotoni. Hata hivyo, programu nyingi zinazoiga misitu ya nchi zenye kiangazi zimeandikwa kwa kanuni kwamba jani husubiri udongo ulowe. Zikiendeshwa kwa takwimu za hali ya hewa za Lubumbashi, huchelewesha majani hadi mvua za Novemba.

Annexe ni mahali pafaapo kupimia kanuni hizo. Ni komini kubwa kuliko zote saba za Lubumbashi, inazizunguka nyingine sita, na ndimo mji unamokutana na msitu. Mtaa wake wa Kasapa ndio wenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwanafunzi anayejifunza uigaji hapo hahitaji safari ndefu kuuona ukweli anaouiga.

Programu zilikozaliwa

Uigaji wa aina hii una historia fupi. Mwaka 1972 Daniel Botkin, James Janak na James Wallis walichapisha JABOWA, programu iliyofuatilia mti mmoja mmoja katika misitu ya New Hampshire, Marekani: unavyoota, unavyogombea mwanga, unavyokufa. Mwaka 1987 William Parton na wenzake walieleza CENTURY, iliyokokotoa kaboni na nitrojeni katika udongo wa mbuga za nyasi za Marekani. Baadaye zikaja programu za dunia nzima, kama LPJ na JULES. Hizi huigawa nchi kavu katika miraba, kisha kila mraba hupewa joto, mvua, mwanga na udongo wake, na kompyuta hukokotoa kaboni inayoingia kwenye jani, inayokaa kwenye shina na inayooza ardhini.

Ni kazi kubwa, na bila hiyo tusingejua mengi kuhusu kaboni ya dunia. Lakini tuangalie vipimo. Mraba wa kawaida wa uigaji wa dunia ni nusu digrii, yaani takriban kilomita 55 kila upande, sawa na kilomita za mraba 3,000 hivi. Mji wote wa Lubumbashi, wenye kilomita za mraba 747, ni robo tu ya mraba huo. Tanuri la shaba lililowashwa 1911, moshi wake uliosukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi na kuacha shaba katika udongo wa mtaa wa Penga Penga, mashamba ya mahindi, machimbo, msitu: vyote hupewa wastani mmoja. Mimea nayo, katika toleo la awali la JULES, iligawanywa katika makundi matano: miti ya majani mapana, miti ya majani ya sindano, nyasi za aina mbili, na vichaka. Brachystegia inayochipua mwezi wa tisa iliwekwa kapu moja na miti ya majani mapana ya bara jingine.

Maji, moto na kisiki

Kwa nini mti huchipua kabla ya mvua? Mizizi yake huenda chini sana, na shina huweka akiba ya maji. Jani la Septemba hunywa mvua ya msimu uliopita. Kanuni inayosoma unyevu wa tabaka la juu la udongo pekee haiwezi kuliona jani hilo.

Moto nao una historia. Mwaka 1933, huko Ndola, ng'ambo ya mpaka katika Zambia ya leo, vilianzishwa vitalu vya majaribio ambavyo Colin Trapnell alikuja kueleza matokeo yake mwaka 1959. Baadhi vilichomwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na ubichi. Vingine mwishoni, kila kitu kikiwa kikavu. Vingine vikakingwa kabisa. Vilivyochomwa mwishoni mwaka baada ya mwaka vilipoteza miti yake mirefu. Funzo lake kwa mwigaji ni kwamba kujua ukubwa wa eneo lililoungua hakutoshi. Sharti ajue pia liliungua mwezi gani, na mara ngapi mfululizo.

Kisha kuna kisiki. Mchoma makaa hukata miti, hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi na mabonge ya udongo, huwasha, na kulinda tanuri kwa siku nyingi lisivute hewa likawaka moto. Akiondoka huacha sura mbili za ardhi. Pale tanuri lilipokaa, udongo umeokwa, na mimea hurudi kwa shida. Pembeni yake, visiki vya miombo viko hai: mizizi haijaguswa, na mvua ikinyesha hutoa machipukizi mengi kwa pamoja. Utafiti wa Emmanuel Chidumayo nchini Zambia ulionyesha kwa miaka mingi uwezo huo wa miombo kujirudisha baada ya kukatwa. Lakini chipukizi lisilopita kimo cha miali hurudishwa chini na kila moto wa Septemba. Basi hatima ya eneo hilo imo katika maswali ambayo picha ya setilaiti haiyajibu: lilikatwa lini, kisiki kiliachwa au kiling'olewa, moto ulipita mwezi gani?

Mnyororo usio na kumbukumbu

Kazi iliyo karibu nasi zaidi ni ile ya Héritier Khoji Muteya na wenzake, iliyochapishwa 2022, iliyopima na kuiga mabadiliko ya mandhari kuzunguka Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Kolwezi kuanzia 1979 hadi 2090. Thamani yake ni kubwa: imeonyesha kwa ramani kile ambacho wakazi walikuwa wakikisimulia kwa huzuni tu.

Uigaji wa namna hii huegemea mnyororo wa Markov. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika kila miaka kumi, miraba 20 kati ya 100 ya msitu hugeuka shamba. Miraba 100 inakuwa 80, kisha 64, kisha 51. Uwezekano haubadiliki, na mraba haukumbuki ulikotoka. Hapo ndipo mashaka yangu yalipo. Miraba miwili inaweza kuwa na rangi moja katika picha: mmoja ulikatwa kwa ajili ya makaa na visiki vyake viko hai, wa pili uling'olewa visiki ukalimwa. Mnyororo huipa yote miwili uwezekano uleule wa kurudi kuwa msitu. Yeyote aliyeikanyaga anajua si sawa.

Tofauti hiyo ina uzito nje ya maabara. Ramani ikishaandika kwamba mahali fulani msitu haupo tena, ni rahisi kwa mwenye mamlaka kutoa ardhi hiyo kwa machimbo au viwanja, kwa maelezo kwamba hakuna cha kupoteza. Kosa la mraba mmoja hugeuka hukumu dhidi ya msitu ambao ungeweza kurudi.

Pingamizi na jibu

Msomaji anaweza kusema kwamba kila modeli lazima irahisishe mambo, na kwamba Katanga haina takwimu za kutosha kulisha programu yenye kumbukumbu. Hoja ya kwanza ni kweli, ila kurahisisha ni kuchagua cha kuacha, na hapa kilichoachwa ndicho kinachoendesha mfumo. Simon Scheiter na Steven Higgins walithibitisha mwaka 2009 kwamba njia nyingine ipo. Programu yao, aDGVM, iliyoandikwa kwa ajili ya savana za Afrika, hufuatilia kila mti na kimo chake, hivyo huweza kuamua kama miali itauangusha. Nao waliipima kwa majaribio ya moto ya muda mrefu ya Hifadhi ya Kruger.

Hoja ya pili ina ukweli nusu. François Malaisse na wenzake walipima miombo ya Luiswishi, karibu na Lubumbashi, katika miaka ya 1960 na 1970, hadi kiasi cha majani yanayodondoka na kuoza. Vichuguu vikubwa vya Macrotermes falciger vinavyopatikana kote katika miombo hii vimepimwa umri kwa kaboni ya mnururisho, na utafiti wa 2015 ulikuta angalau kimoja kimezidi miaka 2,000. Msingi upo. Kinachokosekana ni mwendelezo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, vitalu vya kudumu vipangwe kutoka Kasapa kuelekea nje ya mji, na kila kisiki kiandikiwe tarehe ya kukatwa, kimo chake, idadi ya machipukizi na miezi ya moto. Kazi hiyo inahitaji utepe wa kupimia, daftari na uvumilivu wa miaka. Pili, wachoma makaa walipwe kama watoa taarifa za utafiti, kwa sababu wao ndio wanaojua tarehe na mahali. Tatu, kila uigaji upimwe kwa vitalu ambavyo havikutumika kuujenga, na ramani ichapishwe pamoja na kiwango chake cha kukosea.

Hitimisho

Sipingi kompyuta. Miombo inakatwa kwa kasi ambayo macho pekee hayawezi kuifuatilia, na tunahitaji zana ya kuuliza kesho itakuwaje tukizuia moto wa Septemba, au tukiacha kisiki kipumzike kabla ya kukatwa tena. Lakini jibu litakuwa la Annexe pale tu programu itakapofundishwa na ardhi ya Annexe. Mbele kidogo ya nyumba za mwisho kuna visiki vyenye machipukizi ya unene wa kidole gumba. Anayechora ramani ya 2090 aanze kwa kuyahesabu, kisha arudi Oktoba, moto ukishapita, kuona mangapi yamebaki.