Mamlaka ya Kabila na Uhifadhi wa Urithi wa Kihistoria nchini Marekani

Katika Kiswahili, neno "kabila" hutaja watu wenye asili, lugha na mila moja. Halibebi maana ya serikali. Katika sheria za Marekani, kabila la wenyeji wa asili linalotambuliwa rasmi ni serikali yenye uhusiano wa moja kwa moja na serikali kuu. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa suala linalojadiliwa hapa: ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba mahali fulani pana historia?

Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Urithi wa Kihistoria ilipitishwa mwaka 1966. Kifungu chake cha 106 kinazitaka idara za serikali kuu kuzingatia athari za miradi zinayoitekeleza, kuigharimia au kuipa kibali. Awali, mshauri mkuu wa idara hizo alikuwa afisa wa jimbo, hata mradi ulipopita katika ardhi ya kabila. Marekebisho ya mwaka 1992 yaliyaruhusu makabila kuchukua majukumu ya afisa huyo, yote au baadhi, katika ardhi yao. Makabila 12 ya kwanza yaliidhinishwa mwaka 1996. Leo idadi yake imezidi 200.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya cheo tu. Uhifadhi uliokuwa umezoeleka ulitazama zaidi majengo na mabaki ya kale. Kwa makabila mengi, chemchemi, mlima au mahali pa kuchuma mitishamba huweza kuwa na historia nzito ingawa hapana jiwe lililochongwa. Ushahidi wake ni jina la mahali, simulizi na kumbukumbu za wazee. Marekebisho yale yalitamka wazi kwamba mahali penye umuhimu wa kidini na kitamaduni kwa kabila paweza kuingizwa katika Orodha ya Taifa. Hata hivyo, kupatetea hudai kupaeleza, na yapo mambo ambayo mila haziruhusu yatajwe mbele ya wageni. Sheria inaruhusu habari za namna hiyo zifichwe, lakini mvutano kati ya siri na ushahidi haujaisha.

Mamlaka hayo yana mipaka. Nje ya ardhi yake, kabila lina haki ya kushauriwa tu, na kushauriwa si kuwa na kura ya turufu. Mwaka 2016 kabila la Standing Rock Sioux lilipinga mahakamani bomba la mafuta la Dakota Access, lililopangwa kupita karibu na mpaka wake, likidai kwamba halikushauriwa ipasavyo kuhusu mahali pake patakatifu. Mahakama ilikataa kuusimamisha ujenzi, na mafuta yakaanza kusafirishwa mwaka 2017.

Kwa hiyo, sheria imeyapa makabila sauti rasmi juu ya historia yao, lakini nje ya ardhi yao uamuzi wa mwisho umebaki mikononi mwa wengine. Ramani za kale za makabila hayo ni pana kuliko mipaka waliyoachiwa.