Kericho na Bomet: chai moja, maisha mawili

Mtu wa Pwani akisikia "Kericho" picha inayomjia ni ile ya kwenye paketi ya majani: vilima vya kijani, mvua ya alasiri na watu wasiojua njaa. "Wale wenzetu wana neema," husemwa barazani, hasa siku ambayo mazungumzo yamefika kwenye mgao wa pesa za kaunti. Neno hilo lina ukweli ndani yake, ila ni ukweli wa abiria anayepita na basi. Hapa tulipime kwa namna watakwimu wanavyopima nchi na nchi, yaani kuchukua pande mbili zinazohesabiwa kuwa na mali kisha kuuliza mali hiyo imefika wapi.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Roret. Ni kituo cha biashara katika eneo la Bureti, kaunti ya Kericho, upande wa Litein, na mpaka wa kaunti ya Bomet hauko mbali. Ukiwa huko huwezi kuuona mpaka huo kwa macho. Huku chai, kule chai, huku Wakipsigis, kule Wakipsigis, na mkulima ana robo ekari au ekari mbili nyuma ya nyumba, ng'ombe wawili watatu, na kituo cha kupimia majani kando ya njia. Hadi mwaka 1992 Bomet ilikuwa ndani ya wilaya ya Kericho, ndipo ikakatwa ikawa wilaya peke yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Kwa ukubwa wa ardhi pia wanakaribiana. Ni kama ndugu wawili waliogawiwa urithi sawa.

Lakini uchunguzi wa matumizi ya nyumba wa 2015/16, ambao shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilitoa matokeo yake mwaka 2018, ulikuta kwamba Kericho watu 30.3 katika kila 100 wanaishi chini ya mstari wa umaskini. Bomet walikuwa 48.8. Kenya nzima ilikuwa 36.1. Kwa hivyo ndugu mmoja yuko juu ya wastani wa taifa, na wa pili karibu nusu ya watu wake wamezama. Hesabu hizo zina umri sasa, na umaskini wa taifa umepanda tangu hapo: 38.6 mwaka 2021 na 39.8 mwaka 2022. Pengo kati ya majirani hawa wawili ndilo linalotuhusu hapa.

Na mstari wenyewe tuujue, maana wengi wanautaja bila kuujua. Kwa mtu mzima wa kijijini ulikuwa shilingi 3,252 kwa mwezi, chakula na vinginevyo pamoja. Hiyo ni kama shilingi 108 kwa siku. Mjini ulikuwa shilingi 5,995. Aliyepitisha shilingi 10 juu ya mstari hakuhesabiwa maskini, ingawa jirani yake hamwoni tofauti yoyote na jana.

Kwa nini basi? Sababu ya kwanza ni kwamba Bomet si chai peke yake. Upande wa Konoin na nyanda za juu kuna chai nzuri, lakini ukishuka Chepalungu ardhi inakauka, na watu wanategemea mahindi na mifugo ambayo mvua ikikosa hutaabika. Sotik ni nchi ya maziwa zaidi. Kericho nayo ina sehemu za joto na shida, Soin na Sigowet kwa mfano, ila uzito wa kaunti uko kwenye miinuko. Halafu kuna mji. Kericho ni mji wa siku nyingi kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kisumu, wenye mabenki, maduka ya jumla, gereji na ofisi. Bomet mji umekua kwa haraka baada ya kuwa makao ya wilaya na baadaye ya kaunti. Mji hutoa kazi ambazo hazingoji mvua.

La tatu ni mashamba makubwa ya makampuni, na hapa ndipo tarakimu zinapoanza kutudanganya.

Mashamba hayo yalianza miaka ya 1920 chini ya Waingereza. Sehemu kubwa iko Kericho, ingawa mengine yamo Konoin. Mfanyakazi wa shamba ana mshahara, nyumba ya kampuni na zahanati, kwa hivyo akihesabiwa kwa shilingi anatokea juu ya mstari. Lakini nyumba si yake, na siku kazi ikiisha anaondoka na godoro lake. Mei 2023 watu waliandamana Kericho na mashine za kuchumia chai zikachomwa moto, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Februari mwaka huohuo BBC ilionyesha kipindi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kudhalilishwa na wasimamizi katika mashamba ya eneo hilo. Hakuna safu ya umaskini inayoandika jambo kama hilo. Mwanamke huyo kwenye jedwali ni mtu aliyefanikiwa, amepita mstari.

Na kuna waliotolewa kwenye ardhi yenyewe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Vizazi vyao bado vinadai. Mwaka 2022 kesi yao ilifikishwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Sisi wa Pwani tunaoijua habari ya maskwota na ardhi yenye hati za watu wasioonekana, hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Mchezo huu wa mali na maisha kutolingana si wa Kenya tu. Wenye kulinganisha mataifa tajiri hupenda kuziweka pamoja Marekani na Japan. Mwaka 2022 pato la Marekani likigawanywa kwa kila mtu lilikuwa zaidi ya dola 76,000, na la Japan kama dola 34,000, yaani chini ya nusu. Ungetarajia Mmarekani aishi zaidi. Umri wa kuishi Marekani mwaka huo ulikuwa miaka 77.5, Japan kama 84. Marekani walikufa kina mama 22 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Japan hawafiki 10. Japan ilikamilisha bima ya afya kwa kila raia mwaka 1961. Marekani mpaka leo kuna mtu anayeogopa kuita gari la wagonjwa kwa sababu ya bili. Hii haina maana kwamba Mjapani ana raha kwa kila hali: wazee wamekuwa wengi, watoto wachache, mishahara ilisimama kwa miaka mingi. Lakini ukiulizwa nani tajiri, lazima uulize nawe: kwa mizani gani?

Turudi Roret, maana kuna kitu kinachoiunganisha na mlango wetu. Mkulima mdogo hupeleka majani mabichi kwenye kiwanda kinachosimamiwa na KTDA. Kiasi cha kilo 4 na nusu za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai iliyo tayari. Hulipwa mara mbili: kidogo kila mwezi kwa kilo, kisha bonasi mara moja kwa mwaka, na hiyo bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo harusi. Bonasi inategemea bei ya mnada, na mnada uko Mombasa. Ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia kwetu 1969. Kwa hivyo maisha ya Roret yanaamuliwa kila wiki kwa dola, hatua chache kutoka wanakouza mahamri na kahawa chungu, na mchukuzi wa ghala anaibeba mgongoni bila kujua ni jasho la nani.

Chai ya magharibi ya Bonde la Ufa, yaani Kericho, Bomet, Kisii na Nyamira, kwa kawaida hupata bei ya chini kuliko ya Mlima Kenya. Mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa mnadani, dola 2.43 kwa kilo, kwa nia ya kumlinda mkulima. Nia njema. Lakini chai ambayo wanunuzi walikuwa wakiithamini chini ya bei hiyo ilibaki bila kununuliwa, ikajaa kwenye maghala ya Mombasa, na nyingi ilikuwa ya magharibi. Baadaye bei hiyo ikaachwa. Kwa miaka kadhaa wakulima wa huko wamekuwa wakipokea bonasi ndogo kuliko wenzao wa Mlima Kenya na kuandamana kwa hilo. Kericho na Bomet wote waliumia. Tofauti ni kwamba mwenye duka mjini au ndugu mwenye mshahara alikuwa na pa kushika.

Sasa sisi. Kwenye uchunguzi uleule wa 2015/16 Mombasa ilikuwa 27.1, Kilifi 46.4, Kwale 47.4, Lamu 28.5. Soma tena: Mombasa na Kilifi ni karibu kabisa na Kericho na Bomet. Kinachowatenga ni daraja la Nyali na mwendo wa matatu. Kilifi ina hoteli, ina kiwanda cha saruji, ina bahari ya kuuza picha Ulaya, na bado uchunguzi wa afya wa 2022 ulikuta watoto 37 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, idadi kubwa kuliko kaunti yoyote nchini. Taifa zima lilikuwa 18. Watalii walala Watamu, na mtoto wa Ganze hana urefu wa umri wake. Ndiyo maana ule msemo wa "bara wana neema" hauniridhishi: mama wa Chepalungu na mama wa Ganze wana mengi ya kuongea kuliko mama wa Ganze na mwenye nyumba ya ufukweni.

Tarakimu hizi si za kujifurahisha. Katika kanuni ya kwanza ya kugawa pesa za kaunti, umaskini ulipewa uzito wa asilimia 20, na idadi ya watu 45. Kanuni ya tatu, iliyopitishwa 2020 baada ya mvutano mkali Seneti, iliushusha umaskini hadi 14 na kuweka afya 17. Kila pointi inayohama ni zahanati mahali fulani. Na kwa kuwa pesa zinapelekwa kwa kaunti, kaunti yenye wastani mzuri huwaficha maskini wake. Mtu wa Soin analipa bei ya kuwa na jirani mwenye mashamba.

Dini yetu ina njia nyingine ya kuhesabu. Katika zaka hakuna wastani wa mtaa. Nisabu inaangaliwa kwa mtu na mali yake, na maskini hanyimwi haki yake kwa kuwa jirani yake ni tajiri. Hilo si jambo geni hata serikalini. Mfuko wa kusawazisha, ulio katika kifungu cha 204 cha Katiba, mwanzoni ulizitaja kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta zilikuwemo, Mombasa na Kericho na Bomet hazikuwemo. Sera ya pili ya mwaka 2018 ikaacha kuhesabu kwa kaunti, ikashuka hadi kwenye kata ndogo na kuorodhesha maeneo 1,424 katika kaunti 34. Mwenye kutaka kujua kama kijiji chake kimo, orodha hiyo iko kwa Tume ya Ugavi wa Mapato, na mwakilishi wa wadi anapaswa kuwa na nakala yake.