Kihisi, si sensa

Malori ya shehena yatokayo Mombasa kwenda Kampala huvukia Busia, mji wenye jina moja pande zote mbili za mpaka, au Malaba iliyoko wilaya ya Tororo. Mengi hufungwa nyuma lakiri ya kielektroni. Mfumo huo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ulianzishwa mwaka 2017 na mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda. Lakiri ikikatwa njiani, taarifa hufika kituo cha uangalizi, pamoja na mahali lori lilipo.

Kifaa kilichomo ndani chenye kugundua hayo tukiiteje? Wengi husema "sensa". Lakini sensa tunayo tayari: ni kuhesabu watu. "Kihisi" kinafaa zaidi. Kitenzi hisi kimeongezewa ki- ya ala, kama tulivyopata kipaza sauti na kinasa sauti. Wingi wake vihisi, bila taabu.

Kihisi hutegemea betri, na kinachoila sana betri hiyo ni kutuma habari kwa redio kuliko kuhisi kwenyewe. Kwa hiyo penye mtandao wa vihisi vingi, wahandisi huvilaza, wakaamsha vile tu vilivyo karibu na kinachotafutwa, kama askari wa zamu. Vitatu vikikadiria umbali wao nacho, mahali kilipo hujulikana.

Wahariri na walimu, tuandike kihisi. Sensa tuwaachie makarani wanaotuhesabu.