Fedha taslimu kwa kaya maskini: zinavyomrejesha mkulima shambani kwake

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa mijini aghalabu hudhani kuwa njaa ya mkulima mdogo huja wakati wa kiangazi, ardhi inapokauka. Katika wilaya kama Chamwino mkoani Dodoma, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, mambo ni kinyume. Miezi migumu ni Januari hadi Machi, wakati mashamba yana kijani kibichi na maghala ni matupu.

Chukulia kaya ya bibi anayelea wajukuu wanne na kulima ekari mbili za mtama na uwele. Chakula kikiisha Januari, hana budi kwenda kulima vibarua kwa jirani ili apate debe la mahindi. Siku anazopalilia kwa jirani ndizo siku ambazo shamba lake mwenyewe linamezwa na magugu. Ifikapo Mei au Juni anavuna magunia machache, ambayo yataisha mapema zaidi mwaka unaofuata. Watu humwita mvivu, ilhali alichokosa ni shilingi elfu chache kwa wakati unaotakiwa.

Pengo hilo ndilo ambalo mpango wa uhawilishaji fedha unaweza kuliziba, yaani kumpa mlengwa fedha mkononi badala ya chakula cha msaada. Hapa nchini, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianza malipo ya majaribio mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kaya ililipwa kila baada ya miezi miwili kati ya dola 12 na 36 za Marekani, kulingana na idadi ya watoto na wazee waliomo. Masharti yalikuwa watoto wahudhurie shule, wadogo wapelekwe kliniki, na wazee wafike zahanati angalau mara moja kwa mwaka.

Wapo waliotabiri kuwa fedha hizo zingeishia kilabuni. Tathmini iliyofanywa katika vijiji 80, nusu vikiwa ndani ya mpango na nusu nje, ilionyesha vinginevyo. Walengwa walinunua kuku na mbuzi, waliwavalisha watoto viatu, na walijiunga zaidi na bima ya afya. Mbuzi ni akiba ya mkulima: mvua zikikatika ndiye anayeuzwa, na mbegu inabaki. Agosti 2012, Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu ya TASAF, na mpango wa kunusuru kaya maskini ukaja kuzifikia kaya zaidi ya milioni moja.

Wenzetu wa Kenya wamejaribu njia nyingine. Katika Kaunti ya Siaya, shirika lisilo la kiserikali la GiveDirectly lilizipatia kaya zaidi ya 10,000 zilizoishi katika nyumba za nyasi takriban dola 1,000 kila moja, kwa njia ya simu. Fedha nyingi kwa mkupuo hununua kile ambacho ruzuku ndogo haiwezi, mathalani bati, linaloondoa gharama ya kuezeka upya kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uligundua kuwa kila dola iliyotolewa ilizaa takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo. Majirani wasiolipwa walinufaika pia, na bei sokoni zilipanda kidogo mno.

Hata hivyo, fedha haziteremshi mvua, wala hazimwongezei ekari mtu mwenye ekari mbili. Uteuzi nao una kasoro zake. Uhakiki wa mwaka 2016 uliwaondoa katika orodha ya TASAF maelfu ya watu wasiostahili, huku baadhi ya maskini wakiwa wameachwa nje. Lakini kasoro inayomuumiza zaidi mkulima ni kuchelewa kwa malipo, kwa kuwa fedha za Januari zikilipwa Aprili, bibi yule atakuwa amekwisha kupalilia shamba la jirani.