Diablo III: mchezo uliongojewa miaka 12, ukakatala kufunguka

Diablo II ilitoka mwaka 2000. Wachezaji wa ordinateri waliipenda sana: unaua mashetani, wanaangusha silaha, unaokota, unapata nguvu, unarudi tena. Muendelezo wake, Diablo III ya kampuni ya Marekani Blizzard, ulitoka tarehe 15 Mei 2012. Kwa saa 24 tu, kopi zaidi ya milioni 3,5 ziliuzwa.

Lakini usiku huo wengi hawakucheza. Mchezo ulidai intaneti kila dakika, hata kama unacheza peke yako, na mashine za kampuni zilizidiwa. Kwenye ekrani ilibaki «kosa namba 37». Mtu ameshalipa, mchezo uko ndani ya ordinateri yake, lakini ufunguo uko kwa aliyemuuzia! Hapa Goma, tunajua umeme ukienda na mega zikiisha ni nini. Konekisyo ikikatika, mchezo nao unakatika.

Lalamiko la pili lilikuja polepole, na kwa maoni yetu ndilo lililouma zaidi. Blizzard ilifungua soko ndani ya mchezo, silaha zikauzwa kwa pesa ya kweli, kampuni ikikata sehemu yake. Basi kuokota kukakosa utamu: upanga mzuri ulikuwa rahisi kuununua kuliko kuupigania.

Soko lilifungwa tarehe 18 Machi 2014. Wiki moja baadaye ikaja nyongeza, Reaper of Souls, na wengi wakarudi. Kwa ordinateri, sharti la intaneti lilibaki. Wenye PlayStation walikuwa wanacheza bila intaneti tangu 2013.